Chungu cha Nne

Chungu changu cha nne kimepasuka leo. Kililia ndani ya moto kama fataki, kuku wote wa lupango, yaani uwanja wa nyumba yetu, wakakimbilia nyuma ya choo, na mtoto wa jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani ana sherehe.

Kosa ni langu. Asubuhi mama mkubwa alikigusisha shavuni, akakiondoa mara moja. "Mwana, hii haiyakauka bado." Shavu husikia ubaridi wa maji ambao vidole vyangu havijajifunza kuusikia. Lakini kesho ni Jumatatu, narudi kazini, na nilitaka kukiona kimeiva. Basi maji yaliyobaki ndani, moto ulipopita digrii 100, yakageuka mvuke. Mvuke unataka njia, na ukuta mnene kama ule wangu hauna njia. Ukajitengenezea.

Mimi ni karani wa hesabu. Kutwa nahesabu faranga na dola za watu wengine, na jioni tarakimu zinanifuata hadi kwenye sahani ya bukari, ugali wetu. Udongo umenisaidia kwa sababu ambayo haina hekima yoyote: mikono ikijaa matope, simu haishikiki. Inaita, inaita, inachoka. Umeme ukikatika pia hainihusu, maana sina hata gurudumu la kufinyangia. Wenzangu wananicheka kwamba hii ni kazi ya kina mama. Ni kweli, nami nimefundishwa na mama mkubwa, aliyefundishwa kijijini na mama yake.

Udongo nautoa kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Anayeijua Lubumbashi anavijua vichuguu vyetu, vingine vinapita paa la nyumba, na matofali mengi ya mji huu yametoka humo. Mchwa huupandisha udongo laini kutoka chini, chembe kwa chembe, ndiyo maana una mnato kuliko ardhi iliyokizunguka kichuguu. Nauponda, nauchekecha kwa chekecheo la unga (mke wangu bado anadhani limepotea), naulowesha siku tatu, naukanda. Kisha nasokota kamba nene kama kidole gumba, nazizungusha moja juu ya nyingine, na kuziba maungio: ndani navuta udongo kwenda chini, nje naupandisha juu. Hapo ndipo kichwa kinapotulia. Ukianza kuwaza deni, ukuta unalala upande mmoja, na baadaye unaweza kuonyesha kwa kidole kabisa mahali ulipowaza.

Mwezi uliopita nilikwenda makumbusho ya hapa mjini kwa ajili ya vyungu vya Sanga, vile vilivyoanza kufukuliwa mwaka 1957 kando ya ziwa Kisale. Vingi vina umri wa karibu miaka elfu moja. Vilizikwa pamoja na wafu, na katika makaburi ya watoto waliweka vyungu vidogo. Nilikuwa nimekwenda kuiba maarifa ya midomo na mishikio, nikajikuta nawaza jambo jingine: mtu mwenye msiba alikaa chini, akakanda udongo, akafinyanga chungu kwa kipimo cha mtoto. Hakukiharakisha, maana kimefika mpaka kwetu. Tangu siku hiyo sisemi tena kwamba nachezea udongo.

Jioni tumeokota vipande majivuni. Wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi hata gae la kulia sikubakiziwa, kilichobaki kikubwa kinatosha yai. Nilipotaka kuvitupa, mama mkubwa aliniporomoshea maneno na kuninyang'anya kikapu. Vinatwangwa, kumbe, vinachanganywa na udongo mpya ili usipasuke unapokauka na unapochomwa.

Naandika haya nikisikia mchi wake uani. Chungu cha tano nitakiacha kivulini wiki mbili. Pengine tatu.