Upande wa Pili wa Kanda

Kericho, Ijumaa, 23 Agosti 2024

Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya nyimbo kumi. Gillian Welch na David Rawlings wametoa albamu mpya, Woodland, nami nimeihesabia siku tangu waliposema inakuja. Nimechemsha chai, nikavaa sweta, nikafunga mlango wa jikoni ili watoto waendelee kulala, maana shule hazijafunguliwa. Nje ukungu ulikuwa umelalia majani chai, kama ilivyo desturi ya huku mwezi wa nane.

Kwa asiyewajua: ni wanamuziki wa Marekani, sauti mbili na magitaa mawili, basi. Gillian alizaliwa New York mwaka 1967, akalelewa Los Angeles na wazazi waliotunga muziki wa televisheni, lakini ukimsikia utaapa kwamba amekulia kwenye milima ya Appalachia, katika nyumba isiyo na umeme. Walikutana chuoni Boston, wakahamia Nashville, na albamu ya kwanza ikatoka 1996. Rawlings hupiga gitaa dogo la Epiphone lililotengenezwa 1935, gitaa ambalo enzi hizo lilikuwa la watu wa mfuko mwembamba. Vidole vyake hupita juu ya nyuzi kama mtu anayevuka mto kwa kuruka jiwe hadi jiwe.

Hawana haraka, na hilo ndilo lililonifunga kwao. Katikati zimetoka kazi zenye jina la Rawlings, lakini albamu ya mwisho ya nyimbo zao mpya yenye jina la Gillian ilitoka 2011. Wakati huo binti yangu alikuwa ananyonya. Sasa ananipita kimo.

Hata hivyo si kungoja huko kulikonitoa kitandani leo. Ni habari ya paa.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 2020 kimbunga kilipita mashariki ya Nashville na kung'oa paa la studio yao, hiyo Woodland yenyewe, waliyoinunua mwaka 2001. Umeme ulikatika, mvua ikawa inamwagika ndani. Humo mlikuwa na magitaa yao na masanduku ya kanda, kwa sababu hawa ni watu wanaorekodi kwa kanda za sumaku hadi leo. Karibu kila walichowahi kuimba kilikuwa kwenye masanduku yale. Wakaingia gizani wakaanza kuyahamisha, yaliyo mazito kwa yaliyo mepesi, maji yakiwadondokea. Waliziokoa. Mwaka huohuo wakatoa nyimbo 48 zilizokuwa zimelala kwenye kanda tangu 2002, kana kwamba hawakutaka zilale tena hata siku moja.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nililia sana, na machozi yale hayakuwa ya Nashville.

Nyumbani tulikuwa na kanda ya Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Kila nyumba ya mtaani kwetu ilikuwa nayo; Jumapili mchana, baada ya kanisa, sauti yake nzito ilitoka kwenye kila dirisha. Siku moja baba aliziba vile vitundu vya juu vya kanda kwa karatasi na gundi, akageuza upande wa pili, akabonyeza kitufe chekundu cha redio kaseti na kumwambia mama aimbe. Mama akaimba wimbo wa harusi wa Kikipsigis, mama mdogo akimwitikia. Mwishoni anasikika mama akicheka na kuuliza, "Bado kinazunguka?"

Mwishoni mwa 1997 zikaja mvua za El Niño. Bati juu ya kabati lilikuwa na tundu ambalo sote tulilijua. Tulipoitoa kanda ilikuwa imejaa maji. Baba aliianika juani, akauzungusha utepe kwa kalamu pole pole, lakini ilipochezwa ilitoa mngurumo kama wa mtu anayesema kutoka chini ya kisima, kisha ikakatika. Mama alisema, "Acheni, nitaimba tena." Hatukununua kanda nyingine. Mwaka 1999 akafariki. Baba hakulitupa lile ganda, lilikaa kwenye droo yake pamoja na kitambulisho cha mama.

Na sisi Wakipsigis, wa watu wote, tungepaswa kujua thamani ya sauti iliyotunzwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodia. Akakuta wasichana wanaimba juu ya mtu anayeitwa Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers wa Meridian, Mississippi, ambaye Wamarekani humwita baba wa muziki wa kantri. Alikuwa ameshafariki kwa kifua kikuu mwaka 1933, lakini santuri zake zilikuwa zimefika huku kwetu, na jina lake likavaa nguo za lugha yetu. Tracey aliandika kwamba wasichana wale walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Rekodi hiyo ilitunzwa Afrika Kusini, na zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zikarudishwa Kapkatet, wazee wakaketi kuzisikiliza. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini kila nikiwaza hilo roho inaniuma: sauti za wasichana wa jirani zilikuwa mahali pakavu upande wa pili wa bara, na ya mama yangu ilikuwa chini ya bati linalovuja.

Basi leo nilikaa kusikiliza nikiwa na haya yote kifuani. Wimbo wa kwanza unatazama treni ya mizigo inayopita mabehewa yakiwa matupu, mbingu ikionekana ndani yake. Gillian hapandishi sauti. Anaiweka tu picha mezani na kuondoa mkono. Wa pili anaongoza Rawlings, na kuna vinanda vya nyuzi nyuma yake. Niliposikia vinanda nilishtuka kidogo, nimezoea wawili peke yao, lakini ulipofika mwisho nikaurudia. Kuna wimbo wa kumkumbuka Guy Clark, mtunzi wa Texas aliyefariki 2016, ambao nadhani nitaurudia mwaka mzima. Wa mwisho una banjo, wawili wakiimba kwa kukaribiana hivi kwamba huwezi kuingiza unywele kati ya sauti zao.

Niliusikiliza wa mwisho mara tatu ndipo likanijia jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Albamu hii haijatoka kwenye yale masanduku. Walitengeneza paa, miezi kwa miezi, wakaketi chini yake na kuimba nyimbo ambazo usiku wa kimbunga hakuna aliyekuwa amezirekodi. Na mimi miaka yote hii nimeomboleza utepe, ilhali nusu ya sauti zilizokuwa kwenye utepe ule iko hai, Litein, mwendo wa matatu moja.

Saa mbili nikampigia mama mdogo.

"Chamgei, mama mdogo. Unaukumbuka wimbo mlioimba na mama kwenye kaseti?"

Akanyamaza. Nilisikia kuku wake. Kisha akaanza kuguna ule mdundo, taratibu, akaacha.

"Mwanangu, mimi najua kuitikia tu. Mama yako ndiye aliyekuwa anatoa. Ukinirekodi peke yangu nitakuwa namwitikia nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitakuja kesho.

"Njoo mapema," akasema, "kabla sijapata baridi ya shambani. Na utoe wewe. Una sauti ya mama yako, hujui?"

Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Sasa ni usiku. Simu iko kwenye chaji, na binti yangu ameomba kuja kuishika wakati tunaimba. Tangu mchana nimekuwa nikiutafuta ule wimbo huku namenya viazi. Ubeti wa kwanza umerudi wote. Wa pili nimepata mistari miwili, halafu kuna mahali mama huvuta pumzi, na baada ya hapo maneno yanapotea.