Siku moja ya kiangazi Kishapu, Shinyanga

Saa kumi na moja alfajiri. Mama Kulwa na binti yetu wameshatoka na punda na madumu kwenda mtoni. Oktoba hii mto ni mchanga mtupu. Wanachimba mpaka maji yatokeze, wanachota kwa kata, kisha wanasubiri shimo lijae tena. Ukichelewa unakuta foleni.

Saa moja. Ng'ombe mzee ameshindwa kuinuka. Mmoja anashika mkia, wawili tunapitisha mti chini ya tumbo, tunainua. Akishasimama usimwachie upesi, miguu hutetemeka kwanza. Nampa pumba na mashudu ya pamba. Mashudu ni ghali, kwa hiyo wanaopata ni wanyonge na wanaonyonyesha tu. Wenye nguvu kijana wangu mkubwa ameshawahamishia kwa shemeji, kwenye majani.

Saa tatu tunaingia ngitili, eneo la malisho tunalolifunga kwa ajili ya kiangazi. Tangu mvua zilizopita zianze hatukuruhusu mnyama humo, ndiyo maana majani yapo, makavu lakini yapo. Wazee wanasimulia misitu ya huku ilivyofyekwa kuwafukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, nchi ikabaki wazi. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, watu walihimizwa kurudisha ngitili za mababu, na visiki vikachipua. Nawalisha kipande kwa kipande. Ukiwaachia eneo lote, watakanyaga mengi kuliko watakayokula.

Saa sita, mnadani. Nimeuza dume angali na nyama, nikanunua mtama na mashudu. Wanangu wamehuzunika, nawaelewa. Lakini atakayengoja Desemba atamkuta mnunuzi anahesabu mbavu, na fedha hiyo haitajaza hata debe. Uza mapema, ndugu zangu, uza wakati bado unapanga bei wewe.

Saa tisa, ugali wa mtama na mlenda. Watoto wametafuna matobolwa tangu asubuhi, viazi tulivyochemsha na kukausha baada ya mavuno.

Saa kumi na moja jioni, kikao cha kitongoji. Ng'ombe wa ndugu yangu wameingia usiku kwenye ngitili ya mjane. Nimesimama nikasema atozwe kama mtu mwingine yeyote, maana ngitili ikiliwa na mwenye mifugo mingi, mwenye wawili anabaki na nini? Mama yule amekataa fedha. Anataka ng'ombe wake walishwe kwenye ngitili ya mkosaji mpaka mvua inyeshe. Kikao kimekubali, wanaanza kesho.