Mkweche wa Baba Mdogo

Baba mdogo alinikabidhi funguo na kadi ya gari mwaka 2019, siku alipokubali kwamba macho yake hayamruhusu tena kuendesha usiku. Corolla AE100 la mwaka 1994, gia za mkono, namba A, yaani usajili wa zamani. Mtu wa Dar akishasikia "namba A" hahitaji maelezo zaidi, anakupa pole. Mimi nililipokea kwa mikono miwili. Naishi Kibaha, ni nesi katika hospitali moja mjini Dar, na zamu ya asubuhi inaanza saa 1:30. Aliyewahi kugombania daladala pale Maili Moja saa 11 alfajiri ataielewa furaha yangu.

Furaha ilidumu wiki mbili.

Mara ya kwanza lilichemsha Kibamba. Mvuke ukatoka chini ya boneti, nikaegesha pembeni, vijana wa bodaboda wakaja na dumu la maji na ushauri mwingi. Mara ya pili likachemsha Kimara, kwenye foleni. Mara ya tatu halikufika barabarani kabisa: nazungusha funguo, linafanya "tak!" halafu kimya. Ndani ya miezi mitatu nilichelewa kukabidhiwa wodi mara nne. Mkuu wetu wa wodi ni mama mpole, ila siku ile ya nne aliniita pembeni akaniambia, "Dada, hilo gari kama ndilo linalokuchelewesha, si bora upande basi kama wenzio?"

Kilichoniuma ni kwamba sikuwa nimelitelekeza. Pesa nilikuwa natoa. Fundi wa kwanza alitoa thamostati akaitupa, akasema hivyo vidude ni vya nchi za baridi, huku kwetu havina kazi. Wa pili akaiunga feni ya rejeta moja kwa moja kwenye umeme, ikawa inazunguka tangu nawasha mpaka nazima. Wa tatu akaniambia betri imekufa, nikanunua mpya kwa shilingi 180,000, na baada ya siku kumi "tak!" ikarudi. Kazini nawaona sana watu wa namna hii, mtu anakuja na mfuko wa nailoni umejaa vidonge vya maumivu vya duka hili na lile, na ugonjwa wenyewe hakuna aliyeupima. Sikujua kwamba na mimi nilikuwa nimefika hapo, ila mfuko wangu ulikuwa na magurudumu manne.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja pale Picha ya Ndege, fundi mstaafu wa karakana ya serikali, gereji yake ni mwembe na mabati sita. Nilimkuta anakunywa chai. Hakuinuka.

"Nesi, kabla sijashika spana nieleze. Linachemsha ukiwa kwenye mwendo au kwenye foleni?"

"Popote tu, mzee wangu."

"Popote hakuna. Maji yanapungua hata siku ambayo halijachemsha?"

Sikujua.

"Oili je, unapima?"

Nikanyamaza. Akacheka. "Mgonjwa akija kwako hana historia unamwandikia dawa gani? Kaa nalo wiki tatu, andika, halafu uje."

Nilirudi nyumbani nimenuna, maana nilitaka gari litengenezwe siku ile ile. Lakini jioni nilichukua daftari la kaunta, nikalichora kama chati za wodini: tarehe, kilomita, maji niliyoongeza, oili, petroli, na safu ya mwisho niliyoiandika "malalamiko". Kila asubuhi injini ikiwa ya baridi nilifungua mfuniko wa rejeta, nikapima oili kwa kijiti, nikaandika. Dakika tatu. Baada ya wiki tatu hata mimi nisiye fundi niliona kitu. Kwenye barabara iliyo wazi mshale wa joto ulikuwa unalala chini kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza nimewasha. Kwenye foleni ya Mbezi unapanda hadi juu. Maji yalipungua kila siku, kama nusu kikombe, na yaliyobaki yalikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Mzee alisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, ndipo akafungua boneti. Alichonieleza siku ile kimenifaa kuliko matengenezo yenyewe. Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji hayaendi kwenye rejeta, injini inapata joto haraka. Yakifika nyuzi kama 82 mlango unafunguka. Ukiitoa, injini haifiki joto lake ukiwa kwenye mwendo, na kompyuta ya gari, ikidhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Ndiyo maana mshale ulikuwa unalala. Feni nayo, kwa kuzungushwa bila kupumzika, mota yake ilichakaa mpaka ikawa inazunguka kivivu. Kwenye mwendo upepo wa barabarani unaisaidia, kwenye foleni hakuna wa kuisaidia. Yaani tiba ya fundi wa pili ndiyo iliyokuwa ugonjwa wa Kimara.

Mfuniko wa rejeta ndio ulionishangaza zaidi. Nilidhani ni kifuniko tu, kama cha sufuria. Kumbe kazi yake ni kushikilia presha, na maji yakiwa kwenye presha ile hayachemki kwenye nyuzi 100 bali zaidi ya 115. Raba ya mfuniko ikichoka presha inatoroka, maji yanachemka mapema na kutoroka nayo. Kitu cha elfu kumi na kidogo. Na ile rangi ya chai ilikuwa kutu, kazi ya miaka mingi ya kumiminiwa maji ya kisima, na visima vyetu huku vingine ukionja utadhani umekunywa bahari.

Tukazibua rejeta, tukaweka mfuniko mpya, thamostati mpya, mota ya feni ya mtumba lakini nzima, swichi ya feni ikarudishwa mahali pake, na kulanti, kimiminika cha kupozea injini, badala ya maji. Tangu siku ile, hiyo ni Machi 2020, gari halijachemsha. Na petroli: daftari linasema kabla ya hapo lita moja ilikuwa inanipeleka kilomita 9 hadi 10. Baada ya hapo, 13. Sikutegemea hilo.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akauliza taimingi belti, mkanda unaofanya valvu ziende sambamba na pistoni, imebadilishwa lini. Nikampigia simu baba mdogo.

"Huo mkanda wa ndani?" akasema. "Mimi sijawahi hata kuuona."

Miaka 25, na mkanda unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Bahati ya injini hii ya 5A ni kwamba mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, gari linazima tu, halijiui. Lakini mimi kuzimikiwa Kiluvya saa 11 alfajiri na malori yananipita sihesabu kuwa ni bahati. Tulipoufungua ulikuwa umepasuka-pasuka mgongoni kama kisigino cha mkulima. Tukabadilisha pamoja na beringi yake ya kukazia na sili za oili zilizokuwa zinavuja hapo hapo, kwa sababu kufungua mara mbili ni kulipa mara mbili.

Hapo ndipo nilipoingiwa na wazo ambalo hadi leo ndilo ninaloendeshea gari hili. Chuma cha Corolla hakikuwa na shida. Injini, gia boksi, difu, vyote vilikuwa vizima. Kilichokuwa kinanikwamisha barabarani kila wiki ni raba na nyaya: mipira ya maji, mikanda, bushi, sili, viungio vya umeme. Raba inazeeka hata gari likilala uani. Basi nikaacha kuzisubiri zife. Kila mshahara nilitenga shilingi 60,000 nikabadilisha kitu kimoja kilicho kwenye foleni ya kufa, kiwe kimeharibika au bado. Mipira yote ya rejeta. Feni belti, ambayo tunaiita hivyo ingawa kwenye gari hili feni ni ya umeme. Mkanda huo unazungusha wota pampu inayosukuma maji na altaneta inayochaji betri, na ukikatika una dakika chache za kuegesha. Bushi za mbele. Mipira ya breki, ambayo ndiyo niliyopaswa kuanza nayo kama ningekuwa na akili.

Spea nilikuwa nafuata mwenyewe Gerezani, mtaa wa maduka ya spea pale Dar. Mzee alikataa kata kata kutumwa na pesa yangu. "Nenda ujue bei, siku nikifa usiibiwe." Siku ya kwanza niliibiwa, bila shaka. Muuzaji akaniita anti, akaniuliza nataka orijino au ya kawaida, nikasema orijino, akanipa ya kawaida kwenye boksi la orijino. Tangu hapo naenda na kile kitu kibovu kwenye nailoni, nakiweka kaunta, nalinganisha uzito, maandishi, hata harufu ya raba. Matairi nayo nilijifunza kuyasoma: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Nilipewa tairi la mtumba lina meno mazuri kabisa, limeandikwa 2311. Wiki ya 23 ya mwaka 2011. Nikamrudishia kijana wa watu, akacheka, akatoa lingine.

Na ile "tak!"? Mzee alisema umeme si fani yake, akaniitia kijana wa umeme mwenye mita. Kijana akapima betri: volti 12.6, nzima. Akaniambia niwashe huku ameshika waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye mwili wa injini. Mita ikaruka. Waya wa ethi, ule unaotoka kwenye betri kwenda kwenye gia boksi, ulikuwa umeoza ndani ya ganda lake. Dakika ishirini, shilingi 15,000 pamoja na waya. Betri niliyonunua nilikuwa nimeinunulia hasira tu.

Sitaki mtu adhani nina gari jipya. Masika ya 2020 lilianza kumisi kila likipita kwenye dimbwi, linatikisika kama lina malaria. Mzee alinifanya nisubiri mpaka usiku, akafungua boneti injini ikiwa inaunguruma, tukaona cheche za buluu zinarukaruka kwenye waya za plagi kama vimulimuli. Umeme ulikuwa unavuja njiani kabla ya kufika. Waya mpya na kifuniko kipya cha distribyuta, ikaisha. Eyakondishena imekufa na nimeiacha ife. Ninaendesha vioo wazi na khanga kwenye kiti. Kitasa cha mlango wa nyuma kushoto kinafunguliwa kwa nje tu. Kwenye buti kuna kutu ambayo naichunguza kila mwezi, na siku ikifika kwenye chesisi sitabishana nayo, nitaliuza kwa spea.

Gharama? Mwaka 2021 daftari lilinipa, nje ya petroli na bima ndogo ya 118,000, shilingi 940,000, oili na filta za kila kilomita 5,000 zikiwemo. Mwenzangu wa wodi alichukua Toyota IST kwa mkopo, na makato yake ya miezi minne ni zaidi ya hapo. Gari lake ni zuri, lina baridi. Ila ni yeye aliyenipigia simu mwezi mmoja akiomba lifti, maana taa ya "cheki injini" ilikuwa imewaka na hakuthubutu kulisogeza.

Desemba ya mwaka ule ule shangazi alifariki Lushoto. Kila mtu alinishauri nipande basi. Nilipima maji, oili, upepo wa matairi na spea tairi, nikaweka kwenye buti lita tano za maji, feni belti ya akiba, fyuzi na tochi, tukatoka watu wanne saa 10 usiku. Chalinze, Segera, Korogwe, kote shwari. Mombo nilisimama, nikasubiri kidogo, moyo unanidunda kuliko injini, maana kutoka pale hadi Lushoto ni kilomita zaidi ya 30 za kupanda na kona. Nilitumia gia ya pili na ya tatu, jicho moja barabarani na jingine kwenye mshale. Mshale ulipanda hadi katikati, ukakaa. Kule juu ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye miti, na wakwe walipotuona tunatoka kwenye mkweche ule walidhani tumelikodi pale Mombo.

Mwezi uliopita nilimpeleka baba mdogo kliniki ya macho. Alikaa kiti cha mbele, akapapasa dashibodi yake ya zamani, akatazama, akanyamaza. Tulipoingia kwenye foleni ya Kimara akaanza kuinama-inama kuangalia kitu. Mwishowe akagonga kioo cha geji ya joto kwa kidole, mara mbili.

"Mwanangu, hii imekufa. Mshale hausogei."