Ndege wa uani watanifukuzisha kazi

Jamani hii tabia ya kukaa uani asubuhi na kikombe cha chai kuangalia ndege imenishika vibaya, na sitaki hata iniachie. Kwenye mnazi wa jirani hapa Tanga, ndege wanaoitwa kwera wamejazana, kelele kama soko la samaki, dume anachana majani vipande vyembamba anafuma kiota mwenyewe halafu ananing'inia chini yake anapigapiga mabawa kumwita jike, jike anakuja anakagua, asipopenda anaondoka zake, na kiota kikikosa mtu jamaa anakibomoa anaanza upya 😂 wanaume mnaojenga poleni sana. Chozi naye, kale kadogo kenye mdomo uliopinda, akishiba utamu wa ua la mgomba anahamia kwenye kioo cha pikipiki yangu kupigana na sura yake mwenyewe, anadhani dume mwenzie kamvamia. Nimeweka sahani ya maji kivulini, ndege wanaoitwa shorewanda ndo wamejifanya wenye nyumba, wanaoga mpaka wananirushia matone na nikijongea wala hawajali. Kunguru wa India tu ndo siwataki, maana wanakula mayai na makinda ya wenzao. Huko kwenu wanakuja ndege gani?