Msiniongezee kinga

Wiki iliyopita jirani yetu aliniletea chupa ya asali iliyochanganywa na habasoda. Aliiweka juu ya meza ya kazi, katikati ya patasi, akasema, "Fundi, kula kijiko asubuhi na jioni, uongeze kinga." Ni chupa ya sita tangu mwaka huu uanze. Nilimshukuru kwa moyo wote, maana naijua bei ya asali safi. Lakini nimeona leo niandike, nisiwe nikirudia maneno yale yale kila daka, yaani kibaraza cha mlangoni, ninapoketi. Nina ugonjwa uitwao sakoidosisi, ambao kinga ya mwili hujenga vinundu ndani ya mwili wenyewe, na kinga yangu haikupungua kwa namna mnavyodhani. Imezidi mahali, imepungua kwengine, na yote mawili yako ndani ya mwili huu mmoja kwa wakati mmoja.

Mimi ni fundi wa nakshi hapa Amu, kisiwani Lamu. Nilishika patasi nikiwa na miaka 14, kwa ami yangu, na sasa nina 47. Anayeifahamu kazi hii anajua kwamba ukichonga, unga wa mbao hujaa ndani ya mchoro na kuuficha mstari. Sisi huutoa kwa pumzi. Unagonga mara tatu, unapuliza, unagonga tena. Mkono na pumzi vinazoeana hadi hujijui kama umepuliza. Ugonjwa wangu niliutambua hapo. Nilikuwa nachonga mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, wa mbao ya mbambakofi, nikapuliza, unga haukutoka. Ulitikisika tu, ukalala palepale. Nikapuliza tena, nikakohoa mpaka kijana ninayemfundisha kazi akaacha randa yake na kuniletea maji.

Kikohozi kilikuwa kikavu, kikakaa miezi. Usiku natoa jasho, mchana nimechoka kama niliyebeba boriti, suruali inanivuka. Watu walishajua ni nini kabla sijakanyaga hospitali: kifua kikuu. Daktari wa kwanza naye alidhani hivyo, na kwa kudhani simlaumu. Eksirei ilionyesha tezi zimevimba pande zote mbili katikati ya kifua. Makohozi yakapimwa, hayakuwa na vijidudu. Nikachomwa ile sindano ndogo chini ya ngozi ya mkono, inayoangalia kama mwili umewahi kukutana na vijidudu vya TB. Baada ya siku 2 au 3 unarudi, wanapima uvimbe. Mkono wangu ulikuwa laini kama haukuguswa. Nikaanzishwa dawa za TB hata hivyo, kwa sababu ya picha ya kifua. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, tumbo likavurugika, na kikohozi kikabaki vilevile. Ninacholaumu ni kwamba nilirudi mara tatu kusema sipati nafuu, na mara zote tatu niliambiwa nivumilie, bila mtu kuifungua tena ile bahasha ya eksirei.

Kilichonitoa huko ni jicho. Niliamka asubuhi moja jicho la kushoto ni jekundu, mwanga wa dirishani unaniingia kama pilipili. Mama aliniangalia, akasema, "Mato yamekuwaye, mwanangu?" Tukavuka hadi Mokowe, tukapanda basi, Witu, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa, mimi nimejifunga kitambaa jicho moja. Daktari wa macho aliniangalia kwa ile mashine yake ya mwanga, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kifua chako kikoje?" Sikuelewa jicho na kifua vina udugu gani. Huyo ndiye aliyenitamkia neno sakoidosisi kwa mara ya kwanza.

Baadaye walinipitishia mpira mwembamba wenye kamera hadi mapafuni, wakanyofoa vipande vidogo. Vilikuwa na vinundu, vya aina isiyooza katikati. Vya TB kwa kawaida huoza katikati, na wapimaji walitafuta vijidudu vya TB wasivione. Ugonjwa huu jina lake limetokana na daktari mmoja wa Norwei, Caesar Boeck, aliyeviandika vinundu vya ngozi mwaka 1899 akaviona vinafanana na uvimbe wa nyama uitwao sakoma. Sababu yake bado haijajulikana duniani. Hauambukizi. Nalirudia hilo kwa ajili ya wale walioacha kunywea kikombe changu: hauambukizi.

Sasa nieleze habari ya kinga, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Anayekumbuka moto wa makuti anajua mji unavyokuwa. Ukipigwa ukelele, kila mtu hutoka na ndoo. Anayekaa Langoni, anayekaa Mkomani, wote mbio upande mmoja, na nyuma milango imebaki wazi, sufuria ziko motoni, hakuna mtu. Mwili wangu umefanya hivyo. Kuna chembe nyeupe za damu zinazoitwa chembe T, ambazo kazi yake ni kumtambua adui na kuwaita wenzake. Kwangu zimesikia ukelele, zikakimbilia mapafuni, kwenye tezi, na jichoni, zikasongamana hapo na kujenga vinundu kuuzingira moto ambao hakuna aliyeuona. Na kwa sababu zimekwenda huko, kwenye damu zimebaki chache. Ndiyo maana ule mkono ulibaki laini. Chembe zilizotakiwa zije pale zivimbishe ngozi hazikuja. Daktari alinieleza hivi: kwa mtu mwenye sakoidosisi, sindano ile ikinyamaza haimaanishi kwamba hana TB. Nalisema hili kwa herufi zangu zote, maana kuna mtu atalisoma akiwa na karatasi ya majibu mkononi.

Kwa hiyo mtu akiniambia niongeze kinga, mimi husikia mtu anayetaka kupiga ukelele wa pili.

Nilipewa prednisoloni, vidonge 8 vya miligramu 5 kila asubuhi, kisha vikapunguzwa polepole. Wiki ya tatu nilirudi kwenye ule mfaa, nikagonga, nikapuliza bila kufikiri, na unga ukaruka wote. Mchoro ukaonekana hadi chini. Nilikaa juu ya kigogo nikalia, na yule kijana akajifanya anatafuta msasa.

Lakini dawa ile inafanya kazi kwa kuwaambia watu wote waweke ndoo chini, na haichagui. Hata wale wachache waliobaki kulinda nyumba huambiwa walale. Mwezi wa tatu nilianza kuhisi moto chini ya mbavu za kulia. Nilidhani nimejigonga na mbao. Siku ya pili shati likawa halivumiliki, hata khanga laini ya mke wangu ilikuwa inanichoma. Siku ya tatu yakatoka malengelenge, madogo, yamejaa maji, yameshikana kama shanga, yakatambaa kutoka uti wa mgongo kuzunguka ubavu mpaka karibu na kifua, yakasimama pale katikati kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula. Ulikuwa mkanda wa jeshi. Ni virusi vilevile vya tetekuwanga niliyougua nikiwa chuoni, yaani madrasa, kwa mwalimu, havikutoka mwilini kamwe, vilikuwa vimelala kwenye mishipa ya fahamu, na walinzi walipolala vikaamka. Nilipewa asiklovia. Dawa hiyo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatoke, kwa hivyo mwenye kutumia dawa kama zangu akiona dalili asingoje kesho.

Maumivu niliyamudu. Kilichonichoma zaidi ni maneno. Katika mji wetu mtu aliyekonda, aliyemeza dawa za TB, kisha akatoka mkanda wa jeshi, watu wameshamfungia hesabu. Mke wangu aliulizwa harusini, mbele ya wanawake wengine, kama yeye naye "ameshapima". Nimepima, sina virusi vya UKIMWI, na ningekuwa navyo bado isingekuwa haki ya mtu kumsimamisha mke wangu namna ile.

Kisha ikaja habari ya vitamini. Mtu wa duka la dawa, kwa nia njema kabisa, aliniambia prednisoloni inakula mifupa, akaniuzia vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Kuhusu mifupa alisema kweli. Wala hakujua, kama nisivyojua mimi, kwamba vile vinundu vyenyewe huigeuza vitamini D kuwa ile yenye nguvu, bila kuuliza mwili unataka kiasi gani, na kalsiamu kwenye damu inapanda. Baada ya wiki kadhaa nikawa na kiu isiyoisha, nakojoa usiku kucha, choo kigumu, kichwa kizito. Damu ilipopimwa kalsiamu ilikuwa juu. Nikasimamishwa vidonge, nikaambiwa ninywe maji mengi na nisikae juani muda mrefu, kwa kuwa jua ndilo linaloitengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi. Mtu wa Amu anaambiwa asikae juani! Tangu hapo benchi langu nimelihamishia ndani ya ukumbi, na ninapokwenda Shela napanda mashua yenye chandarua cha kivuli.

Asali siiiti sumu. Ila sasa natumia pia methotreksati, dawa nyingine ya kuilaza kinga, mara moja kwa wiki, kila Jumamosi, na asidi ya foliki siku nyingine. Mara moja kwa wiki, si kila siku, maana ikimezwa kila siku inaweza kuua. Dawa hii hulemea ini, na kila baada ya muda napimwa damu kuangalia ini liko vipi. Mitishamba ya unga isiyo na jina, ambayo sijui ndani yake mna nini, siwezi kuimeza nikaliongezea ini mzigo juu ya mzigo. Ndiyo maana ninakataa, wala si kiburi. Na wale wanaoniambia nitupe prednisoloni siku moja niachane nayo: mwili ukishapewa dawa hiyo kwa muda, tezi zilizo juu ya figo husahau kutengeneza ya kwake. Ukiiacha ghafla unaweza kuanguka ukafa. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa amri ya daktari.

Mwanangu alitafuta kwenye simu akakuta kwamba Bernie Mac, yule mchekeshaji wa Marekani, alikuwa na sakoidosisi. Alifariki mwaka 2008 kwa nimonia, akiwa na miaka 50. Watu wake walisema sakoidosisi yake ilikuwa imetulia. Mwanangu alinisomea mpaka hapo, akazima simu. Usiku ule nilisikia anaamka mara mbili kuja mlangoni kusikiliza kama napumua.

Basi nimejifunza kuishi kwa tahadhari, na tahadhari katika mji huu ni jambo zito. Mazishi huyakosi kwa sababu una dawa mfukoni. Unakwenda, unabeba jeneza, unashikana mikono na watu mia. Siku za Maulidi mji mzima unabanana bega kwa bega. Mtoto akikusalimu anakubusu mkono, na pua yake imejaa makamasi. Mimi huenda mazishini, ila nasimama pembeni, upande wa upepo, na nikirudi nanawa kabla sijagusa uso. Chuo cha jirani kilipoingia tetekuwanga niliwaambia wapwa zangu wasije kwangu wiki tatu. Dada yangu alichukia, tukaja kuelewana.

Kubwa lililonisikitisha ni Umra. Mama ana miaka 74 na tulikuwa tumeweka pesa tuende pamoja. Saudia hutaka msafiri kutoka Kenya awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo ile ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtu mwenye kinga iliyolazwa kama yangu, virusi hivyo vinaweza kuinuka. Chanjo za sindano za mafua na za nimonia si hai, hizo nimechomwa. Daktari akasema anaweza kuniandikia barua ya kusamehewa, lakini uamuzi wa kukupokea ni wa wenyewe huko. Juu ya hayo kuna msongamano wa watu kutoka kila nchi. Mama akasikiliza yote, akasema atakwenda na kaka yangu. Alikwenda. Aliniombea pale, akarudi na zamzam na kikohozi, akalala kwa dada siku 10 kabla ya kuja kwangu, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Sasa yeye ndiye hukaa kwenye daka asubuhi, na tasbihi yake. Jana alikuja rafiki yangu wa tangu udogo, nahodha, kuulizia sanduku la harusi ya binti yake. Nikiwa ndani nilimsikia mama, kabla hata hajaitikia hodi: "Una mafua?" Akasema kidogo tu. "Basi keti papo hapo." Nikatoka hadi kizingitini na sanduku, nikaliweka chini katikati yetu, nikachukua brashi ya manyoya niliyoinunua kwa ajili ya unga, nikafagia ule mchoro wa ua la yungiyungi ulio juu ya kifuniko, taratibu, mpaka akauona wote kutoka pale alipoketi.