Mama Grace Onyango hakuwa "wa kwanza" tu

Nilipoondoka Kisumu tulikuwa bado na meya. Nimerudi nakuta gavana, bunge la kaunti, na tuktuk zimejaa Kondele hadi kuvuka barabara ni kuomba Mungu. Hayo nimeyazoea upesi. Yaliyonikalia moyoni ni mabishano niliyoyakuta sebuleni kwa mama.

Mama ni mwalimu mstaafu na alisoma shule ya wasichana ya Ng'iya, jambo ambalo mgeni yeyote atalijua kabla chai haijamiminwa. Binamu zangu walikuwa wakitaja vigogo wa Nyanza: Jaramogi, Mboya, Ouko. Mama akauliza, "Na Grace Onyango mmemwacha wapi?" Mmoja akajibu, "Si yule mwanamke wa kwanza bungeni?" akaendelea na Ouko wake. Mama alinuna hadi jioni.

Niko upande wake. Grace Onyango naye alikuwa msichana wa Ng'iya, akasomea ualimu Vihiga, akashika chaki kabla ya kuingia siasa. Mwaka 1965 akawa meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza nchini kukalia kiti hicho. Umeya si kuvaa mkufu na kukata utepe. Ni soko, taka, maji, na vibali vya watu wanaokujua kwa jina na wanaojua unapoishi.

Kisha ukaja 1969. Watu wa huku hawahitaji kukumbushwa mwaka ule: Mboya aliuawa Julai, Oktoba risasi zikalia Kisumu siku Kenyatta alipokuja kufungua hospitali tuliyoizoea kwa jina la Russia, na chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku. Desemba, katika mji uliokuwa bado na matanga, wapiga kura wa Kisumu Mjini wakamchagua mwalimu huyu kuwa mbunge. Hakukuwa na kiti cha mwakilishi wa wanawake wakati huo. Viti hivyo 47 vimeletwa na Katiba ya 2010. Aliwania na wanaume, akaingia akiwa mwanamke pekee aliyechaguliwa.

Wakamrudisha 1974. Wakamrudisha tena 1979. Binamu zangu hili hulisahau, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mara ya kwanza watu wanaweza kukujaribu tu, lakini mara ya tatu wanakuwa wameshaona kazi yako, na sisi wa Kisumu hatuna simile na mbunge asiyeonekana.

Aliaga Machi 2023, akiwa na miaka 98. Mama anataka habari zake zisomewe wasichana wanapohitimu. Sawa, ila wasisomewe ushindi peke yake. Waambiwe pia kwamba 1983 alishindwa, na kwamba baada ya hapo aliishi miaka karibu arobaini nje ya bunge, bila cheo hicho, na mjini bado akiitwa Mama Grace.