Tanga hadi Amani kwa baiskeli, mbali na lami

Dada yangu ameolewa Shebomeza, juu Amani, na kwa miaka mingi nilikuwa nikimtembelea kwa basi. Baiskeli ninayo, Phoenix aliyoniachia marehemu baba, na hapa Tanga mjini naenda nayo kote: sokoni, kazini, jioni Raskazone kupunga upepo. Ila kutoka nayo nje ya mji kwa barabara kuu ya Segera niliogopa. Mwaka juzi, nikielekea Pongwe, basi lilinipita karibu mno hadi kioo chake kikanigusa bega. Nilianguka kwenye kokoto za pembeni. Sikuvunjika, lakini goti lilivimba wiki mbili, na tangu siku ile nikisikia honi ya gari kubwa nyuma yangu mikono inakufa ganzi kwenye usukani.

Hamu ya kufika Amani kwa miguu yangu mwenyewe haikuisha. Maji ninayoteka bombani kwangu yanatoka bwawa la Mabayani, na bwawa hilo linajazwa na mto Zigi, unaoshuka kutoka kwenye ile misitu ya Usambara Mashariki anakoishi dada. Niliona vibaya kunywa maji ya mto ule kila siku nami sijawahi kukaa kando yake.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa naulizia njia, na kila mtu ananionyesha lami. Kosa lilikuwa langu. Ukimuuliza mtu wa kwetu "njia ya Muheza ni ipi?" atakuonyesha ya magari, kwa sababu anadhani ndiyo unayoitaka. Siku moja soko la Ngamiani nilimkuta kijana anashusha matenga mawili ya machungwa kwenye keria. Nikamuuliza, "Mwanangu, na mzigo huu umepita wapi?" Akashangaa. "Mama, nipite lami na matenga haya, si nitakufa? Napita mashambani." Akachukua kijiti akanichorea mavumbini: mkonge huu, kijito hiki, mwembe mkubwa, ukivuka reli usifuate njia ya kulia. Tangu siku hiyo siulizi tena njia ya kwenda mahali. Namtafuta mtu mwenye baiskeli na mzigo, namuuliza yeye anapita wapi. Mwenye mzigo anajua kilima kipi kinazungukika, mchanga uko wapi na daraja gani limeoza.

Tuliondoka mwishoni mwa Agosti, mimi na mtoto wa kaka yangu wa miaka 17. Msimu ni jambo la kwanza. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usijaribu. Udongo mwekundu wa Muheza unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Tulibeba pampu, viraka, solusheni, kipande cha msasa, spana mbili, tyubu moja nzima na maji lita tatu kila mmoja. Nguo na zawadi za dada tulizifunga kwenye keria kwa mipira ya tairi kuukuu.

Baada ya swala ya alfajiri tulikuwa njiani. Kutoka mjini mpaka kuingia mashambani huna budi kugusa lami kidogo, na tuliigusa kungali giza, kabla malori hayajaamka. Kisha tukakunja, na kelele zote zikakatika.

Mashamba ya mkonge ndiyo hazina ambayo sisi watu wa Tanga hatuioni. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na humo ndimo yalimotoka mashamba haya yote. Ili majani yatoke shambani yafike korona, yaani kiwanda cha kutoa nyuzi za mkonge, ilibidi zichongwe barabara ndani ya kila kitalu, tambarare na zilizonyooka kama uzi. Trekta hupita mara chache, wakata mkonge wanapita na baiskeli zao, basi. Saa kumi na mbili na nusu jua lilipochomoza, ncha za mkonge zilikuwa zinang'aa kwa umande pande zote mbili, na kijana wangu, ambaye hasemi sana, akaniambia, "Shangazi, hapa hata mtoto mdogo anaweza kujifunzia."

Ila barabara zilizonyooka zinafanana. Kabla ya Ngomeni tulipotea. Nilihesabu vibaya zile njia panda, tukaenda karibu saa nzima hadi barabara ikaishia kwenye kijito chenye kingo za wima, ng'ambo mkonge unaendelea. Niliona haya mbele ya mtoto. Tulirudi, tukamkuta mlinzi wa shamba amekaa chini ya mwarobaini. Nilimsalimia, nikamweleza tulikotoka na tunakokwenda, nikamwomba ruhusa ya kupita. Mzee wa watu alisimama, akatembea nasi mpaka njia panda, akasema, "Fuata nyayo za baiskeli, mwanangu, usifuate upana wa barabara." Kweli, penye njia panda ile barabara pana haikuwa na alama yoyote, ila nyembamba ilikuwa na mistari ya matairi iliyokauka kwenye udongo. Tangu hapo macho yangu yalikuwa chini, kwenye ile mistari.

Macho kuwa chini hakukutuepusha na pancha. Jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, mweusi, mgumu kama msumari, na wakata mkonge huziacha ncha zimedondoka njiani. Uliingia tairi la nyuma, la kwangu. Hatukuwa na karai wala maji ya kumwaga. Tuliisukuma baiskeli hadi kijito cha pili, tukatoa tyubu, tukaijaza upepo na kuizamisha kidogo kidogo huku tukiizungusha. Vipovu vilitoka mahali pawili, kwa sababu mwiba ulikuwa umepenya upande mmoja ukatokea wa pili. Nalisema hili kwa mkazo: ukipata tundu la kwanza usisimame, maliza duara zima. Tulikausha kwa khanga, tukasugua msasa mpaka mpira ukapauka, tukapaka solusheni, tukasubiri ishike vidole, ndipo tukabandika kiraka. Kabla ya kurudisha tyubu nilipitisha vidole polepole ndani ya tairi, na kipande cha mwiba kilikuwa bado kimo. Tungeharakisha, tungerudia kazi ile mita mia mbele.

Simu ilinihesabia kilomita 47 siku hiyo, pamoja na kupotea. Tulilala gesti Muheza.

Siku ya pili ndiyo niliyokuwa naingoja. Ukiuacha mji wa Muheza kuelekea Amani unaingia shamba la mitiki la Longuza, na hewa inabadilika hapo hapo. Mitiki imepandwa kwa safu, majani yake mapana kuliko sahani, na mwezi huo mengi yalikuwa yameanguka. Tairi likipita juu yake sauti ni kama ya mtu anayekunja magazeti. Mama mmoja aliyebeba kuni alitusimamisha, akachuma jani changa, akalisugua viganjani na kumwonyesha mtoto. Viganja vikawa vyekundu kama hina. "Tulikuwa tunachezea hii tukiwa wadogo," akasema, akaendelea na safari yake.

Mbele kidogo, babu mmoja aliyekuwa anapanga machungwa mlangoni kwake alituuliza tunakokwenda. Tulipomwambia Zigi, akatuonyesha tuta lililofunikwa na majani pembeni mwa shamba lake. "Pitieni hapo, ni reli ya Mjerumani, haina mlima." Enzi za Wajerumani palijengwa reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, ndiyo hii Zigi, ikakamilika 1910, kazi yake kubwa ikiwa kusomba mbao za msituni. Mataruma na vyuma havipo tena, na tuta lenyewe limekatikakatika. Kuna mahali limelimwa mihogo. Lakini pale lilipobaki, baiskeli inapanda bila wewe kujua kwamba unapanda, kwa kuwa garimoshi haliwezi mwinamo mkali. Nimesoma kwamba kando ya mto Danube, kutoka Passau hadi Vienna, watu husafiri kwa baiskeli siku kadhaa, na sehemu ya njia ile ni walikopita farasi zamani wakivuta mashua kwa kamba. Kule wamezitunza na kuweka vibao. Zetu bado zipo, zimetokana na kazi vilevile, ila ramani yake imo vichwani mwa wauza machungwa na wazee kama yule.

Kufika Kisiwani unausikia Zigi kabla ya kuuona. Tulikaa juu ya jiwe, tukatia miguu majini. Ni baridi, na chini unaona kila changarawe. Sikusema neno muda mrefu. Nilifikiria ndoo yangu ya bluu pale nyumbani.

Kwenye lango la hifadhi, pale Zigi, unalipa kiingilio na kuandikishwa. Usiwapite walinzi kimyakimya kwa sababu uko na baiskeli. Hifadhi hii ya mazingira asilia ilitangazwa 1997, na kiingilio ni halali yao. Kutoka hapo ni barabara ya udongo yenye kona kali, kutoka mita 450 hivi hadi karibu 900 juu ya usawa wa bahari. Hapa gari ni ruhusa, ila siku ile tulipishana na basi moja na pikipiki chache. Phoenix haina gia. Nilipanda kwa pedali nilipoweza, sehemu kubwa nikasukuma, na kusukuma ndiko kulikonipa nilivyovikuta. Juu yetu hondohondo walipita, mbawa zao zinavuma kama mtu anayepepeta mchele. Mbega waliruka upande wa bondeni. Kwenye jiwe lenye kivuli na majimaji niliona maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, yale ambayo yamejaa madirishani Ulaya kwa jina la Saintpaulia, jina lililotokana na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Kwa basi nilikuwa nimelipita jiwe lile mara nyingi mno.

Saa kumi jioni tulifika kwa dada. Alikuwa anaanika iliki uani. Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi, kisha akaja kunishika mikono yote miwili bila kusema, akamwita mumewe aje aone.

Kurudi ni rahisi kwa miguu na kugumu kwa breki. Kwenye mteremko wa Amani raba zilichemka hadi zikanuka, tukawa tunasimama kila baada ya kona mbili kuzipoza, na Muheza fundi akanibadilishia zote nne. Atakayekwenda azibadilishe kabla, si baada. Kati ya Ngomeni na Pongwe tulifuata mistari ya matairi vizuri, ila kuna kipande karibu na reli ambacho yule kijana wa machungwa alinichorea nami sikukiona kwenda wala kurudi. Jumamosi hii namfuata Ngamiani, na safari hii nitakwenda na daftari.